Jinsi ya Kuipitisha Sura ya Riwaya Jukwaani: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi Ambaye Wahusika Wake Wamekaa Tu

Karibu kila sura ninayotumiwa na mwandishi anayeanza ina ugonjwa ule ule. Wahusika wameketi sebuleni, wanaongea. Msimulizi anatuambia kwamba huyu ana hasira, yule ana huzuni, na kwamba "kulikuwa na mvutano mkubwa kati yao". Unamaliza kurasa nane bila kuuona mvutano wenyewe. Umeambiwa tu kwamba ulikuwepo.

Zamani nilikuwa nikijibu kwa ushauri unaojulikana: onyesha, usieleze. Sura zilirudi zikiwa mbaya zaidi. Sasa wahusika walikuwa wanakunja ngumi, wanauma midomo, na machozi yanawalengalenga kila baada ya mistari mitatu. Nikaacha kushauri, nikaanza kutoa zoezi moja: ivue sura usimulizi wote, icheze kama tamthilia, kisha ivishe tena.

Zoezi hili nililiokota nikiwa kwenye kikundi cha maigizo. Sikuwa mwigizaji. Nilikaa pembeni ya jukwaa na muswada mkononi, nikiwanong'oneza waliosahau maneno. Utashangaa mtu anajifunza kiasi gani kuhusu riwaya akiwa mahali pale.

## Unachohitaji

- Sura moja iliyokwisha kuandikwa, ile inayokusumbua. Moja tu, riwaya nzima iache.
- Penseli mbili za rangi, nyekundu na bluu.
- Karatasi tupu. Kompyuta iweke kando mpaka hatua ya saba, kwa sababu ukiwa nayo utanakili sentensi zako za zamani bila kujijua.
- Viti viwili, na kitu chochote kinachoshikika mkononi.
- Mtu wa kusoma pamoja nawe. Ukimkosa, simu ya kurekodi sauti inatosha.
- Jioni mbili zenye usiku wa kulala katikati.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hii ndiyo aya ya mwanzo:

> Rehema aliingia sebuleni kwa kaka yake Sudi akiwa na wasiwasi mwingi. Tangu mama yao afariki walikuwa hawaelewani. Sudi alikuwa na kinyongo kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mama peke yake kwa miaka mitatu, huku Rehema akiwa mbali. Rehema alitaka Sudi asaini karatasi za kuuza nyumba, lakini alijua hatakubali kwa urahisi. Walizungumza kwa muda mrefu kwa uchungu, na mwishowe Sudi akakataa.

Kisarufi haina kosa, na ndiyo maana mwandishi wake haoni cha kurekebisha.

## Hatua ya 1: Paka rangi

Chukua penseli nyekundu. Pigia mstari kila kitu ambacho mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini angeweza kukiona au kukisikia. Vilivyobaki vyote vipigie mstari wa bluu.

Katika aya yetu, nyekundu ni maneno mawili: "aliingia sebuleni". Wasiwasi, kinyongo, miaka mitatu, anachotaka, anachojua, vyote ni bluu. Hata "walizungumza kwa muda mrefu" ni bluu, maana hakuna neno lililosikika. Ule ni muhtasari wa mazungumzo.

Sababu: Jukwaani hakuna mtu wa kusimama kando na kuwaambia watazamaji "huyu ana kinyongo". Kinyongo kisipofanya kitu, hakipo.

Tahadhari: Usifute bluu. Inakili kwenye karatasi ya pembeni. Utaihitaji katika hatua ya saba, na humo mara nyingi ndimo ilimo riwaya yako.

Utajua umefaulu ukiona ukurasa wako umekuwa bluu tupu na ukaona aibu kidogo. Sote tulianzia hapo.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pamoja na mlango mmoja

Onyesho lako litokee mahali pamoja, kwa muda usiokatika. Amua mlango uko wapi, nani tayari yumo, nani anaingia. Kisha jibu swali ambalo waandishi wengi wa riwaya hawajiulizi: kwa nini yule asiyefurahia mazungumzo haondoki?

Sudi haondoki kwa sababu ni kwake, na ana kazi mkononi. Rehema haondoki kwa sababu hajapata saini. Lakini gari linamsubiri nje, hivyo hawezi kukaa usiku kucha. Tayari saa imeanza kutembea na hatujaandika neno.

Wapo wanaodhani sharti la mahali pamoja ni la Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Alichosisitiza yeye ni tendo moja lililokamilika. Sharti la mahali liliwekwa na wahakiki wa Italia karne nyingi baadaye, akiwemo Castelvetro mwaka 1570. Kwa hiyo lichukue kama mazoezi ya viungo. Riwaya yako nzima inaweza kuvuka mabara, onyesho hili libaki chumbani.

Ukitaka kuona riwaya iliyojengwa hivi, tazama ile fupi aliyoitoa John Steinbeck mwaka 1937, *Of Mice and Men*. Aliiandika makusudi iweze kuchezwa: ina sura 6 na zote zinatokea mahali 4 tu. Sura inafungua kwa mahali, watu wanaingia, jambo linatokea. Mwaka ule ule ilipanda jukwaani.

## Hatua ya 3: Andika kila mmoja anataka nini, kwa kitenzi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Konstantin Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji wake kuuliza: mhusika anataka kufanya nini *sasa hivi*? Na jibu alilitaka liwe kitenzi. "Nina huzuni" haichezeki. Mwigizaji akijaribu kucheza huzuni atainamisha kichwa na kupumua kwa nguvu, nawe mwandishi ndivyo unavyofanya unapoandika midomo iliyoumwa.

Kiswahili kinatupa kipimo kizuri ajabu. Tazama vitenzi hivi: *kumtuliza, kumwaibisha, kumpima, kumkumbusha, kumfukuza kwa adabu*. Ile -m- ndani yake ni mtu wa pili. Kitenzi chenyewe kimekwisha kuweka watu wawili chumbani. Sasa tazama *kuhuzunika, kukasirika, kuchanganyikiwa*. Mtu yuko peke yake humo, anaweza kuhuzunika mpaka kesho na hakuna anayeguswa.

Utasema: mbona *kumkasirikia* ina -m-? Ndiyo, ndiyo maana ninaongeza swali la pili: mhusika atajuaje kwamba amefaulu? Kumkasirikia mtu hakuna mwisho. Kumfanya asaini kuna mwisho: ama karatasi ina saini, ama haina.

Kwa kila mhusika andika mistari miwili, anachotaka na kinachomzuia. Yetu ni hii:

*Rehema:* kumfanya Sudi asaini kabla gari halijaondoka. Kinachomzuia: akitaja mama ataulizwa alikuwa wapi.

*Sudi:* kumlazimisha Rehema aulize mama alikufaje. Kinachomzuia: hataki kuomba aulizwe. Akiomba, jibu halitakuwa na thamani.

Hawa wawili hawabishani kuhusu nyumba, ingawa nyumba ndiyo itakayotajwa.

Tahadhari: Sentensi ulizoandika hapa zisitokee kinywani mwa mhusika yeyote. Sudi akisema "unajua kinachoniuma ni kwamba hukuuliza mama alikufaje", onyesho limekwisha na msomaji hana kazi tena.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa pumzi moja nani atashinda endapo onyesho litakatizwa katikati.

## Hatua ya 4: Iandike kama tamthilia, kurasa mbili tu

Jina kushoto, maneno kulia. Maelekezo ya jukwaani kwenye mabano, mafupi, yenye vitendo tu. Ni marufuku kuandika (*kwa hasira*) au (*kwa huzuni*). Ukiona unahitaji mabano hayo, maneno yenyewe hayajafanya kazi.

> *(Sebule. Sudi amekaa sakafuni. Redio imefunguliwa mbele yake, skrubu zimepangwa juu ya gazeti. Rehema yuko mlangoni na bahasha.)*
>
> REHEMA: Bado inaongea hiyo?
>
> SUDI: Inakwaruza. Inaongea ukiishika hapa.
>
> REHEMA: Si ununue nyingine, kaka.
>
> SUDI: Alikuwa hawezi kulala bila hii.
>
> *(Kimya.)*
>
> REHEMA: Nimeleta zile karatasi. Ni sehemu mbili tu, nimekuwekea alama.
>
> SUDI: Kalamu unayo?
>
> *(Rehema anatoa kalamu haraka. Sudi anaipokea, anaichomeka ndani ya redio, anakandamiza waya. Redio inakwaruza, kisha inasema.)*
>
> SUDI: Sikia.
>
> REHEMA: Gari linanisubiri, Sudi.

Angalia pale Sudi aliposema "alikuwa hawezi kulala bila hii". Amemfungulia Rehema mlango wa kuuliza. Ndiyo sababu ya kile kimya. Rehema akaupita mlango, akataja karatasi. Kimya jukwaani kinaandikwa kama neno lingine lolote, na kina mwenyewe. Hiki ni cha Rehema: ni yeye aliyeshindwa kukijaza.

Jambo la pili ni namna wanavyoitana. Alianza na "kaka", akaishia na "Sudi". Katika lugha yetu jina la udugu likiondolewa katikati ya mazungumzo kila mtu chumbani anasikia. Hapo huhitaji kuandika kwamba "alipandwa na hasira". Ukisahau mengine yote ya hatua hii, shika hili moja: orodhesha wahusika wako wanavyoitana mwanzoni mwa onyesho, kisha mwishoni. Orodha mbili zikilingana, huenda hakuna kilichotokea.

## Hatua ya 5: Ipe mikono kazi

Siku moja mazoezini mwigizaji alikatiza hotuba yake ya ukurasa mzima, akauliza: "Wakati nasema haya yote, mikono yangu inafanya nini?" Mtunzi alikuwa amekaa palepale. Hakuwa na jibu. Mwongozaji akampa shati la kufunga vifungo huku akisema maneno yake.

Kifungo cha pili kilikuwa kinasumbua. Hotuba ikakatika yenyewe vipande vitano, na nusu yake ikaonekana haina haja. Mtunzi aliifuta usiku ule ule.

Kwa hiyo mpe kila mhusika kitu cha kushika ambacho kina kazi yake nje ya mazungumzo. Redio ilikuwa inatengenezwa kabla Rehema hajafika, na itaendelea kutengenezwa akiondoka. Kisha tafuta namna kitu hicho kitakavyoingilia anachokitaka mwenzake. Kalamu imekuja kwa ajili ya saini, imetumika kwenye waya. Sudi hajatamka neno "sitaki", na kila mtu amelisikia.

Tahadhari: Vitu vya kutafuna muda tu (kikombe kinachoinuliwa na kushushwa, sigara, pazia linalofunguliwa) havihesabiki. Jaribio: ukikiondoa kitu hicho, je, kuna sentensi inayoanguka? Isipoanguka, kilikuwa pambo.

## Hatua ya 6: Simama ulicheze

Panga viti. Soma kwa sauti, ukisogea pale mhusika anaposogea. Najua utaona haya. Funga mlango.

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alifanya hivi. Binti yake Mamie alisimulia alivyomwona baba yake akiandika, ghafla akaruka kwenda kwenye kioo, akakunja uso kwa namna za ajabu, akarudi mbio mezani kuandika, kisha akarudi tena kwenye kioo akiongea haraka kwa sauti ya chini. Hakujua kama kuna mtu chumbani. Kijana Dickens aliwahi kupangiwa siku ya kujaribiwa uigizaji kwenye ukumbi wa Covent Garden mwaka 1832, akashindwa kwenda kwa kuugua.

Unapocheza, sikiliza mambo haya:

Ulimi unakwama wapi? Sentensi inayokata pumzi ni ya maandishi. "Nadhani ingekuwa vyema iwapo ungezingatia suala hili" haitamkwi na ndugu kwa ndugu.

Mwili uko wapi? Utagundua mhusika aliyekuwa amekaa ghafla anatazama nje dirishani, na hakuna aliyemwona akiinuka.

Majina yakifunikwa? Funika majina ya kushoto kwa karatasi. Msomaji mwenzako asipoweza kujua nani anaongea, wahusika wako wote ni wewe.

Halafu kuna jaribio ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote, nililitoa pale pembeni ya jukwaa. Mistari ambayo waigizaji walisahau ilikuwa ile ile kila usiku, hata mwigizaji akibadilishwa. Nikaanza kuitia alama. Karibu yote ilikuwa mistari isiyojibu chochote kilichotangulia: mtunzi alikuwa amempachika mhusika taarifa anayotaka watazamaji waipate. Mstari unaozaliwa na mstari wa mwenzako unajikumbuka wenyewe.

Kwa hiyo lala. Jioni ya pili, kabla hujatazama karatasi, jaribu kulisema onyesho kwa kichwa. Unapokwama, weka alama. Hapo ndipo ulipomsemesha mhusika maneno yako.

Kusoma kwa sauti si mazoezi ya mwandishi peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoka kwenye tamthilia ya Kamiriithu ya mwaka 1977, iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi, akawekwa kizuizini, akaandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Ilipotoka mwaka 1980 ilisomwa kwa sauti majumbani na hata kwenye baa, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Hujui nani atakayesomewa kitabu chako.

## Hatua ya 7: Mrudishe msimulizi, kwa masharti

Sasa fungua kompyuta. Geuza tamthilia iwe nathari, yaani maandishi ya kawaida ya riwaya, halafu chukua ile karatasi ya bluu. Kwa kila kipande cha bluu uliza: je, onyesho limekwisha kukisema? Kama limesema, kitupe. Kama jukwaa lisingeweza kukisema kamwe, kirudishe, mahali pamoja tu.

> Rehema alitoa kalamu haraka mno, kifuniko kikaanguka. Sudi akaipokea, akatazama ncha yake, akaichomeka ndani ya redio na kukandamiza waya. Redio ikakwaruza, ikasema.
>
> "Sikia," alisema Sudi.
>
> Ilikuwa taarifa ya habari. Miaka mitatu alikuwa ameisikia kupitia ukutani, sauti ikiwa chini, na kila ilipoisha alijua mama ataita aletewe maji.
>
> "Gari linanisubiri, Sudi," alisema Rehema.

Sentensi mbili za msimulizi. Ile miaka mitatu iliyokuwa imelala kwenye aya ya mwanzo imerudi, safari hii ikiwa na ukuta, maji na sauti. Hakuna mwigizaji anayeweza kuwapa watazamaji ukuta ule. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki ya riwaya: kumbukumbu, muda unaoruka, ndani ya kichwa, na kejeli ya msimulizi anayejua asichokijua mhusika.

Tahadhari, na hii ni kubwa: Usirudi na tamthilia iliyovaa alama za kunukuu. Henry James, mwandishi wa riwaya aliyejaribu jukwaa, alizomewa mbele ya watazamaji mwaka 1895, tamthilia yake *Guy Domville* ilipofunguliwa London. Alirudi kwenye riwaya na alichojifunza: kujenga kwa maonyesho, moja baada ya jingine. Ilimfaa sana. Lakini mwaka 1899 alitoa *The Awkward Age*, riwaya iliyo karibu yote mazungumzo, na kuisoma ni kama kusikiliza watu walio chumba cha pili. Binafsi naiheshimu, siwezi kumpendekezea rafiki.

Utajua umefaulu ukisoma sura na usiweze kuonyesha ni wapi tamthilia iliishia na riwaya ikaanza.

## Hatua ya 8: Vuta pazia mapema

Funika aya ya kwanza kwa mkono. Sura ikieleweka bila hiyo, ifute. Fanya vivyo hivyo na aya ya mwisho. Salamu, kukaribishana na kuagana karibu kila mara huondoka bila kilio. Mfano wetu unaishia kwenye "Gari linanisubiri, Sudi". Sentensi ya kwamba Sudi alikataa haipo, na hakuna msomaji aliyeniuliza.

## Yanayokwama mara kwa mara

"Sura imekuwa fupi mno." Kurasa nane zikitoka tano, mambo yako sawa. Zikitoka moja na nusu, hukuwa na onyesho. Ulikuwa na taarifa, nayo inaweza kuingia kama sentensi mbili katika sura nyingine.

"Wahusika wangu wote wanataka kitu kimoja." Basi mmoja anakitaka leo na mwingine anakitaka kesho. Tofauti ya haraka inatosha kuanzisha ugomvi.

"Nina watu saba chumbani." Jukwaani mwongozaji angewapanga, kwenye ukurasa msomaji anawapoteza. Acha wawili wapambane na watano wawe na mikono. Asiyezungumza mistari kumi asogee au atoke.

"Msomaji hakuelewa kwamba Sudi anataka kuulizwa." Mwulize alihisi nini kalamu ilipoingia kwenye redio. Akisema "nilidhani anasaini", ameelewa vya kutosha. Akisema hakuhisi kitu, rudi hatua ya tatu, kitenzi chako hakina -m-.

"Mhusika wangu yuko peke yake." Tamthilia ingempa uzungumzinafsi, yaani kusema peke yake jukwaani. Usimpe. Mpe kufuli lisilofunguka, au barua anayotakiwa kuijibu kabla ya asubuhi, na uanze tena hatua ya pili.